Vitabu vinavyozunguka makazini na jinsi wasomaji wanavyovihukumu

Makala hii inakusanya maoni ya wasomaji, wakimbizi pamoja na wenyeji, kuhusu vitabu wanavyoazimana makazini. Si orodha ya vitabu bora. Imeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kujua, kabla hajaazima, kitabu kinahusu nini, kipo kwa lugha gani, na waliokisoma kabla yake walikionaje. Maoni mengi yametoka Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine wanaishi jirani na Wanyankole. Hatutaji jina la msomaji yeyote. Baadhi walizungumza kwa sharti hilo, na ukifika kwenye kitabu cha Gaël Faye utaelewa kwa nini.

Suala la lugha kwanza

Mkongo aliyesoma Uvira au Bukavu alipita shule kwa Kifaransa. Mrundi alianza kwa Kirundi, akaendelea kwa Kifaransa. Mtoto wao anayesoma Uganda anafundishwa kwa Kiingereza, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, ataufanya kwa Kiingereza. Matokeo yake, nyumba moja yenye watu saba inaweza kukosa kitabu ambacho wote wanakiweza. Baba ana Kifaransa ambacho mtoto hakijui, mtoto ana Kiingereza ambacho baba hakijui, na mama mara nyingi hakupelekwa shule kabisa.

Kiswahili ndicho kinachobaki katikati. Ndicho kinachosikika sokoni, kanisani na kwenye foleni ya mgao, na kitabu cha Kiswahili kikisomwa kwa sauti jioni, wote wanasikia. Mwaka 2022 serikali ya Uganda iliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, jambo ambalo limewafanya hata majirani Wanyankole kuanza kuulizia vitabu vya Kiswahili kwa ajili ya watoto wao.

Hata hivyo, lalamiko moja husikika kila mara kutoka kwa Wakongo. Wanasema Kiswahili cha vitabuni ni cha watu wa pwani na Tanzania. Mtu aliyezoea kusema "batoto", "bintu" na "njo" anafungua riwaya na kukuta "watoto", "vitu" na "ndiyo", na juu yake maneno ya Kiarabu ambayo hajawahi kuyasikia. Wengine wamekuwa wakali zaidi: wanaona wakisahihishwa wanaposoma, kana kwamba lugha waliyonyonya kwa mama zao ni makosa. Wanafunzi wa sekondari wanajibu kwamba mtihani utasahihishwa kwa Kiswahili sanifu, upende usipende. Maoni yetu ni kwamba wote wana haki. Anayesoma kwa sauti asome kama kilivyoandikwa, na wanaosikiliza waeleze kwa Kiswahili chao. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, husaidia. Nakala zake ni chache, na zinazopatikana zimefungwa kwa gundi na mkanda.

Mahali Pasipo na Daktari

Hiki ndicho kitabu kinachochakaa kuliko vyote. Kiliandikwa na David Werner, kwanza kwa Kihispania, kwa ajili ya vijiji vya milimani magharibi mwa Mexico, kisha kikatafsiriwa kwa makumi ya lugha. Kinaeleza kwa michoro namna ya kumhudumia mgonjwa pale ambapo kituo cha afya kiko mbali: homa, kuhara, vidonda, kuzalisha, kuumwa na nyoka, meno.

Wanawake ndio wanaokisifia zaidi. Mkunga mmoja wa jadi, ambaye hasomi, alisema michoro peke yake ilimfundisha kuosha mikono hadi kwenye kiwiko na kutambua mtoto aliyelala vibaya tumboni. Wanaume wachache walilalamika kwamba kitabu kinaonyesha sehemu za mwili bila haya, na si ajabu basi kwamba katika nakala moja kurasa za uzazi wa mpango zilichanwa. Aliyezichana hajajulikana. Mwingine akazirudishia kwa kunakili michoro kwa kalamu, tena vizuri, na nakala hiyo sasa ndiyo inayogombaniwa.

Kuna jambo moja ambalo lazima tulisimamie hapa, kwa sababu nusura limdhuru mtoto. Msomaji mmoja alitumia nakala ya zamani sana kumtibu mwanawe malaria kwa klorokwini, dawa aliyoinunua kwa mchuuzi. Kitabu hakikumdanganya, siku kilipochapwa, hiyo ndiyo iliyokuwa tiba. Lakini malaria ya huku ilikwishaizoea klorokwini, na Uganda ilihamia kwenye dawa mseto muda mrefu uliopita. Mtoto alipona baada ya kupelekwa kituo cha afya, kupimwa na kupewa dawa mseto. Baba yake anasema kitabu kichomwe. Wengi hawakukubaliana naye, na sisi pia hatukubali, ila tunasema hivi: angalia mwaka wa chapa kwenye kurasa za mwanzo. Sehemu za usafi, huduma ya kwanza, lishe na dalili za hatari zinafaa hata katika chapa ya zamani. Sehemu ya majina ya dawa na vipimo vyake usiitumie bila kumuuliza mhudumu wa afya. Homa ya mtoto ipimwe kwanza. Si kila homa ni malaria.

Kuhusu maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayehara, wasomaji walibishana juu ya vipimo kwa kuwa chapa hazilingani. Kipimo kinachokubalika ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi. Pakiti za ORS kituoni ni bora zaidi, kwa hiyo ulizia hizo kwanza.

Rosa Mistika

Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na ilikuwa ya kwanza kwake. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, na alifariki mwaka 2020. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi anayewalinda binti zake kwa fimbo. Anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na msichana anafika shule ya bweni akiwa hajui lolote kuhusu wanaume isipokuwa woga. Woga ukiisha, hakuna kitu kingine cha kumwongoza. Kwa muda kitabu kilizuiwa kutumika katika shule za Tanzania kwa sababu ya uwazi wake.

Ubishi wa kwanza ni nani akisome. Mama mmoja wa mabinti watano alikichukua kitabu mikononi mwa binti yake wa miaka 14 na kuja kukirudisha kwa hasira. Kabla ya kukirudisha alikuwa amekisoma, kwa siku nne, usiku, kwa taa ya sola. Alisema Zakaria anamjua, aliishi naye nyumba moja, na hakufafanua zaidi. Bado alisema kisipewe msichana aliye chini ya miaka 16. Baadhi ya walimu wanaona kinyume: msichana wa miaka 14 makazini tayari anafuatwa na wanaume njiani kwenda bombani, na kumficha riwaya si kumficha dunia.

Ubishi wa pili ni mkubwa zaidi, na wanaouendesha ni wasichana wenyewe. Rosa anakufa kwa mkono wake baada ya Charles, aliyetaka kumwoa, kumwacha kwa kuwa hakumkuta bikira. Wasomaji wazee wanaona hilo ni onyo. Wasichana wanauliza onyo kwa nani. Wanaume waliompotosha wanaendelea na kazi zao, Charles anaendelea na maisha yake, na kaburi ni la Rosa. Mmoja alisema angetaka riwaya ya pili, ambamo Rosa anaishi. Tunawashauri wanaokisoma kwa kikundi wasikifunge siku hiyo hiyo wanapofika mwisho. Watu wapewe nafasi ya kusema, na kiongozi awe amejiandaa kwa sababu huenda miongoni mwa wasikilizaji yupo aliyewahi kufikiria kifo cha namna hiyo. Ikiwa ni wewe, zungumza na mhudumu wa afya au mshauri kituoni. Huduma hiyo ipo na si aibu.

Kusadikika, na wanyama wa Orwell

Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha watu uanasheria, na Waziri Majivuno ndiye anayemtaka aangamie. Karama anajitetea kwa siku sita mbele ya mfalme kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, pamoja na ardhini na mbinguni, wakarudi na mambo mema, wakatupwa gerezani.

Wazee wanakipenda kwa adabu ya lugha, vijana wanakiona kizito. Waliofika kwenye mahojiano ya kuomba hadhi ya ukimbizi wanakisoma kwa namna yao. Wanasema Karama ni mtu anayeulizwa jambo moja mara nyingi na haruhusiwi kukasirika. Mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa mahakama Bujumbura alisifu mpangilio wa utetezi, hoja juu ya hoja, lakini akasema mwisho ni wa kuotea: mfalme anasikia, anaelewa, anamwachia huru. Yeye hajamwona mfalme wa namna hiyo.

Shamba la Wanyama ni tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 ya kitabu cha George Orwell. Ni kifupi na kinachekesha, na hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake. Kila taifa makazini linasema kimeandikwa juu ya nchi yao. Tuliona busara kutowaacha waendelee kutajiana majina ya nguruwe.

Siku Njema

Ken Walibora, Mkenya aliyefariki mwaka 2020, alichapisha Siku Njema mwaka 1996, na kwa miaka kadhaa ilisomwa katika shule za sekondari za Kenya. Kijana wa Tanga, baada ya kufiwa na mama yake aliyekuwa mwimbaji, anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba yake. Kiswahili chake ni laini na methali zake hazikwami, ndiyo maana walimu wanakipendekeza kwa wanaojiandaa kuandika insha.

Vijana waliofika makazini peke yao hawazungumzii methali. Wanazungumzia safari: kulala njaa, kuulizia jina la mtu kwa watu wasiomjua, kudhulumiwa na ndugu aliyepaswa kukulea. Mmoja alikisoma hadi katikati akakirudisha, akasema hataki kujua kama anampata baba. Mwezi uliofuata akaja kukiomba tena. Hatukumwambia mwisho, na hapa hatuusemi.

Kwa wanaotafuta jamaa waliopotezana nao, huduma ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta na kuunganisha familia ni ya bure. Usimlipe mtu yeyote anayedai ada ya kuandikisha jina. Beba majina kamili kama yalivyotumika nyumbani, majina ya utani, kijiji, na jina la mahali mlipoonana mara ya mwisho.

Peponi

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na aliondoka akiwa kijana, baada ya mapinduzi ya 1964, kwenda Uingereza, ambako aliandika vitabu vyake vyote kwa Kiingereza. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, watoaji walitaja hasa namna alivyoandika juu ya ukoloni na hatima ya mkimbizi. Paradise, riwaya yake ya 1994, imefasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kwa hiyo kuna kitabu cha mshindi wa Nobel, aliyekuwa mkimbizi, ambacho mtu anaweza kukisoma kwa Kiswahili. Habari hiyo peke yake ilileta wasomaji ambao hawakuwahi kuazima chochote.

Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomtoa kwa tajiri Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwita ami. Hakuna anayemwambia kwamba amewekwa rehani kwa sababu ya deni. Anafanya kazi dukani, kisha anaingia katika msafara wa biashara unaokwenda bara, mbali, hadi ng'ambo ya ziwa.

Neno "rehani" ndilo lililowasha mjadala. Wasomaji wa kike walisema wanaijua biashara hiyo bila msafara: binti anapelekwa mjini kwa "shangazi" kufanya kazi za nyumbani, mshahara haonekani, na nyumbani kuna deni linalopungua kimyakimya. Baba mmoja alipinga kwamba baba yake Yusuf alimwuza mwana. Alisema mtu mwenye watoto na deni hufanya hesabu ambazo mwenye kushiba hawezi kuzihukumu. Mkewe aliyekuwa ameketi pembeni alimwuliza ni yupi kati ya watoto wao angemtoa. Hakujibu.

Ubishi mwingine ulitoka kwa Wakongo wa upande wa Ziwa Tanganyika. Kitabu kinawasikilizisha wafanyabiashara wa pwani wakiwaita watu wa bara washenzi, tena kwa kurudia, na watu hao wa bara ni babu zao. Baadhi waliona mwandishi anashiriki dharau hiyo. Wengine wakajibu kwamba anaiweka midomoni mwa wafanyabiashara ili tuone upofu wao, na kwamba msafara huo huo unaishia kupigwa na kunyang'anywa mali na wale wale unaowadharau. Sisi tunaegemea upande wa pili, lakini tunakiri kwamba ni rahisi zaidi kuegemea huko ikiwa neno lenyewe halikuwahi kutumika dhidi yako.

Mwisho wa riwaya, jeshi la Wajerumani linapita likikusanya askari, na Yusuf analikimbilia. Wasomaji wengi walikasirika: baada ya yote, anajipeleka mwenyewe? Vijana wawili kutoka Kivu hawakukasirika. Walisema mtu ambaye kila mlango uliofunguliwa kwake ulikuwa wa bwana mwingine haoni tofauti kubwa, na jeshini angalau kuna wenzako. Hatukuwauliza walijuaje.

Petit pays

Hiki kiko kwa Kifaransa, na pia kwa Kiingereza kwa jina la Small Country. Nakala ya Kiswahili hatunayo, kwa hiyo hapa kilisomwa kwa Kifaransa na kuelezwa sura kwa sura. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura, akakimbilia Ufaransa mwaka 1995 akiwa na miaka 13. Kitabu kilitoka mwaka 2016 na mwaka huo huo kikapata tuzo ya Goncourt inayoamuliwa na wanafunzi wa sekondari. Ni hadithi ya Gaby, mtoto wa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda aliyekulia ukimbizini Burundi. Wanaishi katika kijia kisicho na mlango wa pili mtaani Kinanira. Watoto wanaiba maembe na kwenda mtoni. Kisha Oktoba 1993 Rais Ndadaye anauawa, vita vinaanza, na mwaka uliofuata mauaji ya kimbari yanatokea Rwanda. Mama anakwenda huko kutafuta ndugu zake, anarudi akiwa si yule yule.

Hakuna kitabu kilichogawanya wasomaji kama hiki. Mrundi mmoja mwenye umri wa Gaby alisema hiyo si Burundi yake: nyumba yenye mpishi na dereva, baiskeli mpya, bwawa la kuogelea. Kwao hapakuwa na maembe ya kuiba kwa mchezo. Mwingine alimjibu kwamba risasi za usiku alizozieleza Faye ni zile zile alizozisikia yeye, na kwamba alisikia harufu ya mvua ya Bujumbura kwa mara ya kwanza tangu 2015.

Kisha likaja suala la pili, ambalo watu walilisema kwa sauti ya chini. Makazini wanaishi watu wa makabila yote yanayotajwa katika kitabu. Kuna waliopoteza jamaa mwaka 1972, mwaka 1993, mwaka 1994, na katika vita vya Kongo vilivyofuata, na si wote wanakubaliana ni nani aliyemuua nani. Baadhi waliomba kitabu kitolewe kabisa kwenye sanduku. Hawakusema ni uongo. Walisema kinahesabu wafu wa upande mmoja kwa urefu na wa upande mwingine kwa ufupi. Waliokitetea walisema mtoto wa miaka 11 husimulia aliyoyaona kwenye kijia chake, na hawezi kuambiwa awe tume ya uchunguzi. Upande wa kwanza ukauliza: basi nani aandike yaliyotokea kwenye kijia chetu? Swali hilo ni zuri, na tungependa kumpa karatasi yeyote aliye tayari kulijibu.

Kusoma kwa sauti kulisimama kwenye sura ambamo mama anasimulia alichokikuta nyumbani kwa ndugu yake. Mama mmoja aliinuka akatoka, na siku hiyo hatukuendelea. Baada ya majadiliano marefu iliamuliwa kwamba kitabu kibaki, kisisomwe tena kwa sauti, na ndani ya jalada ibandikwe karatasi inayotaja sura hiyo na ile ya mwisho wa kijia, ambamo Gaby mwenyewe anasukumwa na vijana wengine kutenda jambo baya. Wapo wanaosema karatasi hiyo ni matusi kwa watu wazima. Imebaki.

Jambo moja lilipendwa na pande zote. Katikati ya vita Gaby anagundua kwamba jirani yao, bibi wa Kigiriki anayeitwa Economopoulos, ana nyumba iliyojaa vitabu, naye anamwazima kimoja baada ya kingine, kisha anamwuliza kila anaporudisha amekionaje.

Vingine kwa kifupi

Biblia na Kurani ndizo zinazosomwa kila siku, na watu hawazitolei maoni bali huzisoma. Swali linaloulizwa mara nyingi ni la tafsiri. Wakristo wengi wamezoea Union Version ya mwaka 1952. Kwa Waislamu, tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ya mwaka 1969 na ile ya Sheikh Ali Muhsin Barwani ndizo zinazotajwa.

Hekaya za Abunuwasi hupendwa na watoto wote bila kujali dini. Wazazi wengine wanasema zinafundisha ujanja. Zinafundisha, kweli.

Mwenye simu yenye intaneti anaweza kupata hadithi za watoto bila malipo kwenye African Storybook, kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Ni fupi, zina picha, na zinaweza kupakuliwa mahali penye mtandao na kusomwa baadaye nyumbani.

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka

Tumekiacha hiki mwisho kwa sababu ndicho kilicholeta wenyeji kwa wingi. Aniceti Kitereza, Mkerewe wa kisiwa kile kile cha Kezilahabi, alikimaliza mwaka 1945 kwa lugha yake, Kikerewe. Hakupata mchapishaji. Akiwa mzee alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Alifariki mwaka 1981.

Myombekere na Bugonoka wanapendana na hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke, na wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Sehemu kubwa ya kitabu ni Myombekere akitafuta namna ya kumrudisha, ikiwa ni pamoja na kutengeneza pombe ya ndizi aliyodaiwa na wakwe. Mwandishi hana haraka. Anaeleza namna ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, mtama unavyochanganywa, nani anaonja kwanza. Kijana aliyezoea filamu za simu atalala.

Mkulima wa Kinyankole hakulala. Isingiro ni wilaya ya migomba, na wanaume wa huku wana pombe yao ya ndizi, tonto. Wenyeji watatu walikaa na Mkongo mmoja wa Fizi wakisahihisha kitabu: hapa wanakosea, sisi hatufanyi hivi, hapa wamepatia. Mkongo akasema kwao nao wanafanya hivi hivi, isipokuwa chombo cha kukamulia. Walikuwa watu ambao miezi michache kabla walikuwa na kesi ya mbuzi waliokula mahindi, na kesi haikuwa imeisha.

Wanawake walikisoma kwa jicho lingine. Walisifu kwamba Myombekere hakuoa mke wa pili kwa haraka, na kwamba mwandishi hasemi tasa ni mwanamke. Mmoja, Mnyankole, aliyerudishwa kwao kwa sababu hiyo hiyo, aliomba asomewe tu sehemu ya Bugonoka kurudi nyumbani, kisha akaomba irudiwe.

Kitabu ni kinene na nakala ni moja. Kwa sasa iko kwa mkulima mmoja upande wa wenyeji, ambaye muda wake wa kukirudisha umepita kwa wiki tatu. Alipofuatwa alisema amefika mahali ambapo mtoto, Ntulanalwo, amezaliwa, na hawezi kukiachia hapo. Wanaosubiri ni saba. Anayetaka aandikishe jina lake, na asije na hasira.